Meno ya Ng'ombe na Kidole cha Mguu

Jumamosi moja, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nilisimama kwenye bucha la Msasani ya kwetu milimani, si ile ya pwani, nikamwomba mwenye bucha anifunulie mdomo wa kichwa cha ng'ombe. Tangu biashara ilipoachiwa huru, mabucha yalikuwa yameongezeka mjini, na nyama haikuwa tena ya sikukuu tu. Kidole gumba cha mguu wangu nacho kilikuwa kimeanza kuvimba. Daktari alisema ni jongo, ugonjwa wa viungo, akanikataza nyama nyekundu, hasa ini. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alicheka.

"Mungu alikupa chonge za nini, shemeji? Za kutafunia magimbi?"

Swali lilistahili kuchunguzwa. Ng'ombe, niliona pale buchani, hana meno ya mbele juu. Ana ufizi mgumu tu. Nyumbani nikamfungua mbwa wetu mdomo: magego yake yanapishana kama mkasi, na taya haliendi kando. Kisha nikachukua kioo. Chonge zangu fupi zisingechana hata ngozi ya kuku, na taya langu lilikwenda kando kama la ng'ombe. Niliandika daftarini: binadamu anaweza vyote, kwa hiyo meno hayaamui. Utaamua mguu, maana shamba langu la chai liko mteremkoni, na asiyeweza kusimama hachumi.

Miezi mitano nilikula ndizi, maharage na mboga. Mguu haukuvimba.

Ndipo baba mkwe akafariki. Nilipeleka ng'ombe, kama mkwe anavyopaswa kwetu. Nyama ilipogawanywa matangani, nilikaa na sahani ya ndizi tupu.

"Mtazameni," shemeji akasema kwa sauti. "Kaleta ng'ombe, haonji. Kaweka nini ndani?"

Walicheka wachache. Wengine waliacha kutafuna. Mke wangu aliinamisha kichwa, na nilijua kwamba nikikaa kimya, ni yeye atakayeishi na maneno hayo kwao. Nikanyoosha mkono kwenye sinia, nikala vipande vitatu vya ini mbele ya wote.

Kesho yake mguu haukuingia kwenye kiatu. Shemeji alikuja, akaukodolea macho.

"Kumbe kweli."

"Kweli. Na sitakula tena, hata uwe msiba wako."

"Basi nitaacha wosia wakupikie maharage."

Sijala tena mpaka leo. Siku tatu nilizolala na mguu ule, chai ilikomaa bila kuchumwa: kilo tisini, kwa bei ya wakati ule, hasara ya shilingi elfu nne na hamsini.