Muuza Samaki wa Ggaba Aenda Kula kwa Pinto

Saa tano asubuhi, siku ya Alhamisi, Phelister Wanjala amesimama mbele ya mlango wa kioo wa mkahawa wa Pinto, katikati ya Kampala, na hajui mikono aiweke wapi. Kwa kawaida mikono hiyo huwa imeshika beseni la samaki. Leo beseni limebaki Ggaba, sokoni kando ya ziwa, chini ya ulinzi wa jirani yake Akidi, na Phelister amevaa gauni la kanisani, viatu vya kisigino na uso wa mtu anayekwenda kutoa ushahidi.

Anasukuma mlango. Haufunguki. Anausukuma tena, safari hii kwa bega. Ndani, karani mmoja mzee anashusha gazeti lake na kumwonyesha kwa mkono: vuta.

"Nilijua," anasema Phelister baada ya kuingia. Hakuna aliyemuuliza.

Amekuwa akiwauzia samaki hapa kwa miaka minne, na kwa muda wote huo ameujua upande mmoja tu wa nyumba hii: mlango wa nyuma, jiko na paka.

Mkahawa huu ulifunguliwa kabla ya vita vya Hitler na Mgoa aliyeitwa Pinto, mtu aliyeamini kwamba hakuna chakula kisichoweza kulazwa kati ya vipande viwili vya mkate. Pinto aliondoka mwaka 1972 pamoja na Waasia wenzake. Tangu hapo bango la nje limepakwa rangi mara mbili, kwa majina mawili tofauti, na Kampala nzima inaendelea kusema "kwa Pinto".

Kaunta ya marumaru ipo. Mapanka ya dari yapo, na moja huzunguka. Ubao wa vyakula nao ungali ukutani, na ni maandishi ya kusomwa kwa kuvua kofia: sandwichi ya ulimi wa ng'ombe, sandwichi ya jibini, sandwichi ya kuku wa baridi. Wengi wa waliotajwa hawajaonekana siku nyingi, na watu hawaulizi. Kilichobaki ni yai, pamoja na samaki wa Phelister.

Yaani samaki alikuwapo, hadi wiki iliyopita.

Meneja Okeny, aliyeanza kwa kuosha vyombo enzi za Pinto mwenyewe, anasimulia kwa sauti ya chini, jicho moja likiwa mlangoni. Sajini wa jeshi aliuma sandwichi ya samaki, akasimama, akashika koo. Wateja wakampiga mgongoni kwa nguvu, tendo ambalo raia hapati nafasi ya kumtendea sajini kila siku, na inasemekana mmoja wao aliendelea hata baada ya mwiba kutoka. Sajini akanywa maji, akavaa kofia, akasema neno moja: "Nitarudi."

"Hakusema anarudi kufanya nini," anasema Okeny. "Ndiyo maana silali."

Kesho yake akamweleza Phelister pale mlango wa nyuma: samaki basi. Labda alete samaki asiye na miiba.

"Nikamuuliza, samaki bila miiba ni mnyama gani?" anasema Phelister. "Kwetu Port Victoria, mtoto anafundishwa kutoa mwiba kabla hajafundishwa kusalimia wageni. Sasa mtu mzima, tena mwenye bunduki, anashindwaje?"

Lakini hapa kuna zaidi ya heshima ya ngege, samaki wake wa ziwani. Theluthi mbili ya samaki anaonunua kwa wavuvi huishia kwa Pinto. Waliobaki huwapanga mezani sokoni, na siku hizi, mafuta na chumvi vikiwa adimu, watu huja, humtazama samaki, humsifu, wakaenda zao. Phelister ana watoto wawili katika shule ya bweni. Okeny akikataa moja kwa moja, mmoja atarudi nyumbani. Mama hajaamua yupi, na wote wawili, kwa kunusa hatari, wameanza kumwandikia barua zenye adabu isiyo ya kawaida.

Ndiyo maana amekuja kuona mwenyewe watu wa hapa wanakulaje. Anafungua mkoba wa kanisani, anatoa ngege aliyefungwa kwenye jani la mgomba, anamkabidhi Okeny.

"Nitengenezee kama ile uliyompa sajini."

"Mama, nakuomba."

"Nitengenezee."

Sandwichi inakuja kwenye sahani nyeupe, imekatwa pembetatu mbili. Phelister anainua mkate wa juu kwa vidole viwili, taratibu, kama anayemfunua mtoto aliyelala.

"Hiyo haifunguliwi, mama," Okeny ananong'ona.

"Kwa nini? Kuna nini ndani?"

Watu wa meza za jirani wanageukia mlango. Katika Kampala ya mwaka huu wa 1976, swali hilo haliulizwi kwa sauti ya namna hiyo.

"Samaki," anasema Okeny. "Ni samaki tu."

"Basi wacha nimwone."

Anatoa miiba, anaipanga ukingoni mwa sahani, anakula samaki kwa vidole na kuchovya mkate kwenye chai. Huku akitafuna anamtazama yule karani. Karani anasoma gazeti, na mkono wake unapeleka sandwichi ya yai mdomoni wenyewe, bila kuongozwa. Mlango ukilia, macho yanatoka gazetini yanakwenda mlangoni. Kwenye mkate hayafiki kabisa. Bwana na bibi walio dirishani ni vivyo hivyo.

"Hapo ndipo nilipoelewa," atasema Phelister baadaye. "Kile ni chakula cha mtu ambaye macho yake yana kazi nyingine."

Mlango unalia. Macho yote yanakwenda, na safari hii yanabaki huko. Ni Sajini Onen, yule yule aliyesema atarudi, na mlango ameuvuta vizuri.

"Mimi nilisikia samaki imekwisha," anamwambia Okeny.

"Imekwisha, afande."

"Na ile mama anakula nini?"

Okeny anaitazama sahani ya Phelister. Phelister anamgeukia sajini.

"Ni wewe ulikwama mwiba?"

"Ni mimi."

"Kaa."

Sajini anakaa. Historia ya majeshi yetu itabidi itafute ukurasa wa jambo hilo.

"Kwenu wapi?" anauliza Phelister.

"Pakwach."

"Pakwach. Umezaliwa mto uko mlangoni, na ngege anakushinda?"

Mtu fulani kule nyuma anaweka kikombe chini bila kutoa sauti. Onen anavua kofia, anaitazama meza.

"Mama, kwetu samaki inakuja na kichwa yake, naiona. Hii ilikuwa imefunikwa. Nikafikiri chakula ya mkate ni ya wazungu, miiba wameshatoa."

"Ukaamini."

"Niliamini."

"Na ulisema utarudi. Kufanya nini?"

"Kula," anasema Onen. "Ile samaki ilikuwa tamu."

Okeny anakaa kwenye kiti cha wateja, bila mwenyewe kujua. Phelister anamsogezea sajini pembetatu ya pili. Sajini anaifungua, anachambua miiba kama mtoto wa Pakwach, anamaliza.

"Jumatatu lete," Okeny anamwambia Phelister akimfungulia mlango. "Lakini mama, ile miiba."

"Miiba ni juu yangu."

Sasa ni Jumatano ya wiki inayofuata, na Phelister ameketi Ggaba na kisu chembamba alichoazima. Samaki wake wa kwanza alimshinda vibaya. "Huyo umemtoa miiba ama umemuua mara ya pili?" aliuliza Akidi. Wa leo wanatoka wazima. Kila akimaliza mmoja, Phelister anafumba macho na kupitisha kidole juu ya nyama, kutoka shingoni hadi mkiani.

"Mlaji haangalii," anasema. "Basi na mimi siangalii."

Kidole kinasimama. Anavuta kamwiba kama unywele, anakatupa, anaendelea.

Okeny amechukua samaki wote. Onen amekuja jana na juzi, na siku zote mbili ameinua mkate, akachungulia, hakuona kitu, akaufunika, akala.

"Bado anafungua," anasema Phelister, naye anamchukua samaki mwingine. "Mimi nataka siku moja akae pale, aweke macho popote anapotaka, aume tu."