Kipima hewa nilichomnunulia mama kilivyomkataa Bi Rukia muuza udi

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji kuliko mchangiaji, ila hili limetokea nyumbani kwetu Nguvumali, na mama yangu yupo hapo sebuleni, anayebisha nampa simu aongee naye. Sijaongeza chumvi.

Iko hivi. Mama ana pumu. Mwaka huu imemsumbua sana, daktari akamwambia akae mbali na moshi na harufu kali.

Mimi ni fundi friji na AC, mambo ya gesi naelewa kidogo. Nikaagiza online kile kifaa portable cha kupima hewa, kidogo, unakivaa shingoni kama kitambulisho. Kina sensor ya moshi na vumbi, na nyingine ya zile gesi zinazotoka kwenye rangi, petroli, manukato na kadhalika. Hewa safi, taa ya kijani. Ikichafuka, njano. Ikizidi, nyekundu na kinalia pii pii pii.

Nikamwelekeza mama: kikilia, ondoka hapo ulipo.

Yeye akaelewa kwamba kikilia, aliye mbele yake ndiye aondoke.

Mwanzoni kilisaidia kweli, nisiwe mnafiki. Kililia jikoni, tukahamishia jiko la mkaa uani, mama akaanza kulala bila kukohoa. Hapo ndipo alipokiamini moja kwa moja. Akakipa na jina, Kidudu.

Ikawa mgeni hapiti mlangoni kabla hajasogezewa Kidudu kifuani. Mnakumbuka enzi za corona tulivyokuwa tunapimwa joto? Hivyo hivyo. Shemeji yangu alikuja kajipulizia body spray, akala wali wake barazani peke yake.

Sasa tuje kwa Bi Rukia.

Huyu ni shoga yake mama tangu wakiwa wasichana. Anauza udi Ngamiani, anautengeneza mwenyewe na kuupanga kwenye makopo. Kila Ijumaa mchana huja kwetu, na nguo zake zote zimefukizwa, unamjua kafika kabla hajapiga hodi.

Ijumaa hiyo hajavua hata viatu, Kidudu nyekundu. Pii pii pii.

Mama akamwambia, "Rukia, Kidudu kimekukataa."

"Kimenikataa mimi?"

"Si mimi niliyesema."

Bi Rukia akamtazama mama, akatazama ile taa, akageuka kuondoka. Alikuwa kaleta bakuli la visheti. Akaondoka nalo.

Wakuu, Ngamiani mnaijua. Kabla wiki haijaisha, watu wanasema udi wa Bi Rukia umepimwa na mashine umekutwa na sumu. Wateja wakaanza kumkwepa. Biashara aliyosomeshea watoto wake hiyo.

Nikaona niende mwenyewe kwa Bi Rukia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja na mashine?"

Nikamwambia hapana. Nikamweleza kwamba kile kitu hakipimi watu. Kinanusa tu, na hakijui hii ni sumu au hii ni marashi, harufu ikijaa hewani chenyewe kinalia.

Kisha akauliza, "Kwa hiyo harufu ikiwa nzito ndiyo kinalia zaidi?"

Nikasema ndiyo, tuseme hivyo. Nikaondoka nikijua yamekwisha.

Nyumbani nako mama hana raha. Ijumaa iliyofuata alikaa na Kidudu chake shingoni, taa kijani tupu. Nikamuuliza anajisikiaje.

"Hewa safi," akasema. "Nyumba nzima safi. Hakuna mtu."

Siku ya pili yake narudi kutoka kazini, mama hayupo. Jirani ananiambia kapanda bajaji kwenda Ngamiani. Nikamfuata mbio, nawaza pumu na yale makopo ya udi.

Namkuta mama kakaa nje kwa mbali, upande upepo unakotokea, anakula visheti. Kidudu hana. Kidudu kipo shingoni kwa Bi Rukia, na Bi Rukia kazungukwa na wanawake.

Anafungua kopo la udi wa duka lingine, anakisogeza. Njano. Kimya.

Anafungua kopo lake. Nyekundu, pii pii pii.

"Mmesikia wenyewe," anawaambia.

Nikajaribu kuwaelewesha kwamba nyekundu ni hewa mbaya. Mama mmoja akaniambia nimpishe, anataka ule uliolia sana.

Nikaenda kukaa na mama.

"Mama, na pumu yako?"

"Tumeshaongea. Akija kwetu atavaa kanga iliyofuliwa, haijafukizwa. Na mimi sigusi makopo yake."

"Sasa mbona hukumwambia hivyo tangu mwanzo?"

Akatafuna kisheti, akasema, "Nilikuwa namsikiliza Kidudu."

Basi Ijumaa Bi Rukia anakuja, ananukia sabuni ya kufulia, wanaongea mpaka magharibi. Mama anapumua vizuri.

Nilichojifunza: hivi vifaa vinafaa, kama una mgonjwa wa pumu nunua, kitakuonyesha mambo ya jikoni kwako ambayo hukuyajua. Lakini kinakupa taa tu. Kumwambia mtu wako "hiyo harufu inanibana kifua" ni kazi ya mdomo wako.

Karibuni mchangie, hasa wenye uzoefu na hizi sensor. Na nina swali moja la haraka: kuna model yenye sauti kubwa kuliko hii? Bi Rukia anasema ya mama haisikiki mpaka ng'ambo ya barabara.