Pistoni Chini ya Kitanda

Mwenye pikapu hakumwamini fundi, na sababu alikuwa nayo: fundi alikuwa mdogo wa mumewe. Mume mwenyewe alikwisha kuhamia kwa mwanamke mwingine na lori zima, akamwachia pikapu kuukuu iliyohema kama mgonjwa kila ilipopandisha mchanga mlimani. Pikapu hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe. Ikifa, na wao wamekwisha.

Sasa pistoni zilikuwa zimepasuka, na fundi alitaka kufunga turbo pia, kifaa cha kuisukumia injini hewa, ipate nguvu ya mlima.

"Shemeji, hizi mpya za bei rahisi ziache," alisema, akisukuma kando boksi linalong'aa. "Zimemiminwa tu kama uji kwenye bakuli. Turbo ikizisukuma, zitapasuka tena. Chukua hizi zilizotumika. Zimeshindiliwa kwa mashine, ngumu kweli."

"Ajabu! Kaka yako aliniacha akisema kipya ndicho kizuri. Ndugu nyie hamkushauriana?"

Fundi alicheka peke yake.

Mwanamke alizinunua zile kuukuu, lakini kila jioni alizibeba kwenye beseni kutoka gereji hadi nyumbani, akazisukuma chini ya kitanda zisije zikabadilishwa. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Jioni moja akaona kila pistoni ina doa la rangi kichwani. Rangi ya nini? Anayepaka rangi ana ufa wa kuficha. Akachukua nyuzi za kusugulia masufuria, akasugua mpaka zikametameta. Ufa hakuuona, na hilo nalo likamtia wasiwasi.

Asubuhi fundi aliinamia beseni, akazigeuza moja moja.

"Nani kazisugua?"

"Mimi. Ulikuwa unaficha nini?"

"Shemeji! Rangi ilionyesha ipi ya shimo lipi la injini. Kila shimo limechongwa kwa kipimo cha pistoni yake. Zinafanana kwa macho tu."

Mwanamke alingoja matusi, au kudaiwa nyongeza. Fundi alichukua kipimo chake, akaanza upya. Naye akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, macho kwenye vidole vya fundi. Pistoni ya kwanza ilipoingia, ikacheza shimoni.

"Mbona inalegea?"

"Hizi huvimba zikipata moto. Ukizibana zikiwa baridi, zitanasa humo."

Maneno matamu. Hata siku ya ndoa aliambiwa matamu.

Injini ilipokwisha kufungwa na kuzoea barabara tambarare, pikapu ikapakiwa mchanga. Mwenye pikapu akafungua mlango wa abiria.

"Panda, shemeji. Zikipasuka tutasukuma wote."

"Mlima mzima?"

"Mlima mzima."

Fundi akafuta mikono, akapanda. Katikati ya mlima, turbo ikipiga mluzi, mwanamke aligeuka amkague uso. Shemeji alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi.

Mwongo halali hivi, aliwaza, akakanyaga mafuta.

Kisha akakumbuka kwamba kaka wa fundi, yule aliyemwacha, naye alikuwa mlalaji mzuri. Akateremsha kioo cha dirisha, asikilize injini.