Madirisha ya Ghala la Rugera

Ukimwona Deodatha akiingia ukumbini siku ya mechi, utadhani anahesabu watazamaji. Hahesabu watu. Anahesabu madirisha.

Mpira wa vinyoya hauchezwi penye upepo. Kipira chake, ambacho wachezaji hukiita kinyoya, ni kichwa kidogo cha gome laini na manyoya kumi na sita ya bata bukini. Mlango ukifunguliwa kidogo tu, hewa inayopita hukipotosha njia. Ndiyo maana kumbi zake hufungwa kila upenyo. Wenzake Deodatha humtania kwamba anatafuta pa kutorokea akishindwa, naye hucheka pamoja nao. Hajawahi kuwasimulia habari za ghala.

Alizaliwa Rugera, wilayani Karagwe, katika nyumba iliyozingirwa na migomba na mibuni hata jua likawa linaingia kwa kubisha hodi. Mama yake alifariki yeye akiwa darasa la nne. Akabaki na baba, marehemu Mzee Gaspari, mlinzi wa ghala la kahawa la chama cha ushirika na mshonaji wa magunia yake. Mwalimu mmoja mgeni alipomaliza muda wake katika shule ya jirani aliacha raketi mbili, wavu na boksi la vinyoya. Watoto wengine walichoka kabla juma halijaisha, maana upepo wa kilimani ulikuwa unakula kila pigo. Gaspari ndiye aliyesema, "Si kuna ghala? Kahawa hailali mle mpaka mwezi wa tano."

Tangu hapo, kila kahawa ilipokwisha kusafirishwa, ghala liligeuka uwanja. Gaspari alifunga madirisha yote sita ya mbao na kusokota gunia chini ya mlango, kisha akakaa juu ya mzani wa zamani akiwa na kapu la vinyoya thelathini. Alirusha kimoja kimoja, binti akapiga. Vikiisha, waliviokota wote wawili wakaanza upya.

Vinyoya vilikuwa adimu, basi unyoya ukipinda haukutupwa. Gaspari aliupitisha kati ya midomo yake, taratibu, akiulowesha na kuunyoosha, kama alivyolowesha uzi kabla ya kuupitisha kwenye tundu la shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia. Hakujua kushika kitu kilichopinda bila kukipeleka mdomoni.

"Bukini mwenyewe alishakufa," alikuwa akisema, "lakini bado anataka busu."

Miaka ikaenda. Deodatha akachukuliwa na klabu moja ya Kampala, akawa analipwa kwa kucheza. Mwezi wa tatu mwaka 2020, mechi nne zikiwa zimebaki kumaliza msimu, ugonjwa wa korona ukasimamisha ligi. Kocha aliwakusanya akawaambia ni majuma manne tu. Orodha ya watakaorudi kumaliza msimu ingefungwa Jumamosi ya juma la pili, bila mgonjwa wala aliye karantini, na atakayerudi akiwa mlegevu asitegemee mkataba mwingine.

Asubuhi ya kuondoka, Nasreen, aliyecheza naye mechi za wawili wawili na kulala naye chumba kimoja, alikuwa anakaanga vitunguu.

"We Deo, hivi vitunguu umenunua vya plastiki? Havinuki hata kidogo."

Deodatha alicheka, akafunga begi. Vitunguu vilikuwa vinanukia mpaka nje ya mlango.

Alivuka daraja la Murongo, mpakani mwa Uganda na Tanzania, upande wa Kyerwa, Jumapili, siku moja kabla ya amri ya kuwaweka karantini wote watokao nje. Jioni alikuwa Rugera. Jumatatu asubuhi walikuwa ghalani.

Siku ya nne ujumbe wa Nasreen ukaingia: "Dada, nimepimwa, ninao. Waambie waliokupokea."

Aliusoma amesimama katikati ya migomba. Alijigusa shingo: hana homa. Alivuta pumzi mpaka mwisho: hakohoi. Akawaza siku kumi na nne za kufungiwa chumbani huko Kayanga, mjini makao ya wilaya, bila raketi, katika siku ishirini na nane alizopewa. Akaufuta ujumbe.

Alasiri hiyo hiyo pikipiki ya Clavery, bwana afya wa kata, ikaegeshwa uani. Clavery alikaa mbali, barakoa usoni, daftari gotini. Gaspari akamletea kikapu kidogo cha akamwani, zile kahawa kavu za kutafuna ambazo mgeni wa Karagwe hakosi kupewa.

"Shikamoo mzee. Siku hizi tumekatazwa kupeana mikono."

"Marahaba. Mkono usinipe. Kahawa imekukosea nini?"

Clavery akacheka, akachukua mbili, akazitia mfukoni. Kisha akamgeukia Deodatha. "Haya, bingwa. Umetuletea kombe au umetuletea mafua?"

"Kombe limesimamishwa, kaka."

"Huko ulikotoka umekaa na mgonjwa yeyote?"

Baba alikuwa anamtazama kwa yale macho ya kujivunia, kama anayesubiri apige.

"Hapana."

"Na mwenzako wa chumbani?"

"Mzima. Nimemwacha anakaanga vitunguu."

Clavery akaandika. Akararua kipande cha karatasi chenye namba yake, akakiweka chini ya jiwe. "Ukiona jambo, lolote lile, nipigie. Usione haya."

Kuanzia siku hiyo ghala lilibadilika, ingawa hakuna kilichosogezwa. Vumbi la maganda ya kahawa lilikuwa lile lile. Mwanga uliingia kwa matundu ya misumari, ukasimama hewani kama nyuzi, na ndani ya nyuzi zile Deodatha aliona vumbi likitoka kwake likienda kwa baba, likitoka kwa baba likirudi kwake. Hakuwa ameliona miaka yote hiyo.

"Tata," alimwambia baba yake, "tufungue dirisha moja leo. Joto."

"Na kinyoya nani atakitia adabu? Piga."

Akapiga. Unyoya ukapinda, na Gaspari akauinua kuupeleka midomoni.

"Tata, acha. Nitanunua vingine."

"Wapi? Dukani Bugene, kati ya chumvi na viberiti?" Alicheka mpaka akakohoa kidogo, akaunyoosha unyoya, akautazama kwenye mwanga. "Ona. Kama mpya."

Angeweza kusema. Neno lilikuwa limekaa kwenye ulimi kama akamwani isiyotafunika. Lakini kumwambia asilowanishe manyoya kulitaka kumwambia kwa nini, na hiyo sababu ilikuwa na daftari la Clavery ndani yake. Akarudi kwenye mstari, akainua raketi.

Siku ya kumi Gaspari aliishia kinyoya cha ishirini na tano, akasema bega limezeeka. Deodatha akaokota vyote peke yake. Usiku huo hakulala vizuri, lakini hakujiuliza sababu.

Alhamisi asubuhi alichemsha kahawa kwa majani yenye harufu ambayo mama yake alikuwa akitumia. Harufu ilijaza jiko, ikatoka, ikafika kwenye migomba ambako jirani aliyekuwa akipita alipaza sauti, "Mnakunywa nini huko, mbona mnatutesa?"

Gaspari alipokea kikombe, akanywa, akakitazama ndani.

"Leo umesahau majani, mama?"

Deodatha alichungulia sufuria. Majani yalikuwamo.

"Haina harufu," alisema baba, bila lawama. "Si kitu. Ni ya moto, inatosha."

Pale pale angepiga simu. Karatasi ya Clavery ilikuwa bado chini ya jiwe, imeloa umande, na namba yake alikuwa ameshaikariri. Lakini ilikuwa Alhamisi, na orodha ilikuwa inafungwa Jumamosi. Siku mbili. Alijiambia wazee hupoteza harufu. Alijiambia mambo mengi siku ile, na yote yalisikika kama sauti ya mtu mwingine.

Ijumaa walikwenda ghalani kwa sababu baba alitaka. "Ukilala siku moja, mkono unasahau," alisema, akapumzika mara mbili njiani, mahali ambapo hakuwahi kupumzika. Madirisha yakafungwa. Gunia likasokotwa chini ya mlango.

Kimoja. Viwili. Vitatu. Vilikuwa vinakuja chini chini, vinaangukia kabla ya wavu. Deodatha aliacha kupiga, akawa anavidaka kwa mkono. Kati ya kinyoya na kinyoya alisikia kifua cha baba kikifanya kazi, kama mtu anayeburuta gunia kwenye changarawe. Cha kumi. Cha kumi na moja. Mkono ukaingia kapuni, ukabaki humo.

"Ngoja kidogo, mama. Hewa imekuwa nzito."

Ndipo alipotupa raketi. Alikimbilia dirisha la kwanza, mbao zikamgomea, akazipiga kwa kiganja mpaka zikaachia. La pili. La tatu. Upepo wa kilimani ukaingia ghalani kwa kishindo, na vinyoya vilivyokuwa sakafuni vikaanza kutambaa.

"Funga, mwanangu. Vitapotea."

"Viache vipotee, Tata."

Alipiga simu akiwa amesimama kwenye dirisha la sita. Clavery alipokea mara moja.

"Kaka, siku ile nilikudanganya. Mwenzangu alikuwa mgonjwa. Nilijua kabla hujafika."

Clavery akauliza kwa sauti ya chini: "Nani anaumwa?"

"Tata. Hasikii harufu. Hapati pumzi."

"Mmekuwa mkikaa wapi?"

Deodatha akatazama kuta, paa, gunia lililosokotwa mlangoni. "Ghalani. Tumefunga madirisha."

"Natafuta gari," alisema Clavery. "Mkalishe wima, karibu na upepo. Wewe kaa mbali." Akasita. "Lakini mmeshakaa karibu."

Alimsogeza baba mpaka dirishani, yeye akarudi nyuma hatua sita, kama mpinzani. Simu ikatetemeka mkononi. Alidhani ni Clavery. Ulikuwa ujumbe wa klabu, mistari miwili: msimu umefutwa wote, hakuna orodha, hakuna kurudi mpaka watakapoitwa. Akausoma mara moja tu. Juma zima alikuwa ameilinda Jumamosi ile kwa uongo, na kumbe Jumamosi yenyewe haikuwepo.

"Ni klabu?" aliuliza Gaspari. Macho yake yalikuwa yamefumbwa, uso umeelekea nje.

"Ndiyo, Tata."

"Wamesema nini?"

Barabarani hapakuwa na sauti ya gari lolote. Migomba ilikuwa inapigana na upepo.

"Wamesema nijiandae."

"Basi," alisema baba, akitafuta pumzi kwa ajili ya neno lililofuata, akaipata. "Kesho nitafika ishirini."

Mkono wake ukapapasa sakafuni, ukakuta kinyoya kilichopinda. Akakiinua polepole kuelekea midomoni, na Deodatha, pale alipokuwa amesimama, alimwacha akinyooshe.