Mkono wa Awoowe Chini ya Shuka

Shuka la Awoowe limefuliwa kwa kila sabuni inayouzwa Garissa, na bado linanuka mbuzi. Mama alishakata tamaa nalo. Mimi nimelihifadhi chini ya nguo zangu, na nikilitoa tu, harufu ile ya vumbi, mifugo na ubani hunirudisha uani kwetu Waberi, nikiwa msichana mwenye maswali mengi kuliko meno.

Awoowe ndivyo sisi Wasomali tunavyomwita babu, naye babu humwita mjukuu vivyo hivyo. Wangu alikuwa dalali wa mifugo. Sokoni kwetu bei haitamkwi hadharani, wenye masikio marefu wasije wakaidaka. Dalali humshika mnunuzi mkono, akaufunika kwa shuka, na vidole ndivyo vinavyozungumza: hiki kinabanwa, kile kinaachwa, na asiyekubali huutoa mkono wake. Waliosimama kando huona shuka likitikisika tu. Awoowe alinifundisha mambo hayo kwa mchezo. Tulikuwa tukipatana bei ya peremende, na alikuwa mgumu mzee yule, wallahi!

Kilichoanza kumtoroka ni Kiswahili. Hatukushtuka, maana hakikuwa kingi. Alikitumia kwa wanunuzi wa kutoka Nairobi, na walipolalamika kwamba mzee anaanza maneno hayamalizi, sisi tulicheka. Kisha Kisomali nacho kikaanza kupungua. Akitaka chai, aliomba kamba. Akitaka kumwita mama, jina lilimgomea, akajipiga goti kwa hasira. Majirani wakasema ni jini. Sheikh alipokuja kumsomea, Awoowe alisoma pamoja naye sura nzima bila kukosea, tukashangilia kwamba amepona. Walipomaliza, akageuka akaomba kamba. Mama alimletea chai huku machozi yakimtoka.

Taratibu watu wakaacha kumuuliza chochote. Walizungumza mbele yake kama vile hayupo, na hilo liliniuma sana.

Siku moja akafika Adeer Adan, mdogo wake baba, kutoka Griftu, alikokuwa akimtunzia Awoowe ngamia wake jike. Ngamia huyo alikuwa mzee, na maziwa yake ndiyo yaliyowavusha ukame baba yangu na Adeer mwenyewe walipokuwa wadogo. Sasa Adeer alikuwa amempatia mnunuzi. Adeer akamuuliza Awoowe kama auzwe, kwa heshima, lakini kwa sauti kubwa utadhani anasema na kiziwi. Awoowe akahangaika. Midomo ikatafuta, ikatafuta, ikatoa kamba. Watu wazima wakatazama chini. Adeer akasema polepole kwamba mzee haelewi tena, basi itabidi waamue wenyewe, akainuka.

Mtoto kwetu hatii neno katika mazungumzo ya wakubwa. Mimi nilitia.

"Adeer, mpe mkono."

Akanitazama, nikajua leo nitachapwa. Lakini alirudi kuketi, akanyoosha mkono. Awoowe akaudaka, akatupa shuka juu yake. Adeer akambana vidole, akimtajia bei ya mnunuzi. Awoowe akautoa mkono wake. Wakashikana tena, Adeer akapandisha. Awoowe akautoa tena, na safari hii akalirudisha shuka begani, kama alivyokuwa akifanya sokoni biashara ikishindikana. Adeer, mtu mzima na ndevu zake, akajifunika uso kwa viganja.

"Anaelewa kila kitu," alisema. "Ngamia hauzwi."

Miaka mingi baadaye daktari mmoja alinieleza kwamba yako maradhi ya ubongo yanayoanza kwa kula maneno, ilhali mwenyewe bado anajua vizuri anachotaka. Nilimsikiliza kwa adabu. Moyoni nilikuwa nalishukuru soko lile na kelele zake, maana bila hilo tungemzika Awoowe angali hai.

Mwishowe hata vidole vilisahau bei. Lakini jioni, baada ya swala, bado alinishika mkono, akaufunika kwa shuka. Hakubana kidole chochote. Nami nilingoja, nikidhani mzee anapiga hesabu zake. Sasa ndipo najua hakukuwa na bei yoyote. Alitaka tu kunishika, basi. Na mimi, alhamdulillahi, sikuutoa mkono wangu.