Mguu wa Baba na Mahali Tulipouzika

Baba alipoanza kusalimia watu kupita kiasi, nilidhani ni uzee. Alikuwa amestaafu kazi ya kiwanda cha shaba hapa Likasi, muda anao, na tulikaa mtaa wa Kikula, ambako huwezi kutoka mlangoni bila kukutana na mtu unayemfahamu. Kila Jumapili tulikwenda misa ya kwanza kwa miguu, mimi na yeye. Akifika kwa muuza makaa anasimama: habari ya nyumba, watoto wameamka, mgongo unasemaje. Tunatembea kidogo, anasimama tena kwa mama wa mikate, halafu kwa fundi wa baiskeli. Watu walimsifu kwamba mzee yule ana adabu, hampiti mtu.

Mimi niliimba kwaya, na nilichukia kuingia wimbo wa kwanza umekwisha. Jumapili moja nilimwacha kwa mama wa mikate nikaenda zangu. Alifika baada ya mahubiri, akakaa benchi la nyuma, jasho linamtoka. Tuliporudi nyumbani nilimwambia bila kuzunguka.

“Papa, weye unapenda masolo, kuongeaongea na bantu, kupita misa.”

Mama alicheka. Baba hakucheka. Alipandisha suruali, akashika nyama ya nyuma ya mguu wa kushoto, chini ya goti.

“Haiko masolo, mama,” aliniambia, maana baba wa kwetu huwaita binti zao hivyo. “Ni muguu. Nikitembea kidogo, inakaza huku nyuma sawa vile wanaifunga kamba. Nikisimama, inaacha. Miye nisimame bure mu barabara, bantu baniangalie? Njo maana ninabasalimia.”

Niliona aibu, lakini aibu yenyewe ilinifanya nijidai kujua dawa. Na sikuwa peke yangu. Mama alisema ni baridi ya sakafu. Mama mdogo, anayesali kanisa la uamsho, alisema baba amekanyaga kitu kilichowekwa njiani na mwenye kijicho; akaja na wenzake, wakauombea mguu ule mpaka sauti zikawakauka. Rafiki wa baba wa kiwandani alisema ni asidi ya zamani, imeingia mifupani. Muuguzi wa zahanati ya mtaani alisema rimatizimu, ugonjwa wa viungo, akamdunga sindano. Sigara hakuitaja mtu, ingawa baba alivuta tangu kabla sijazaliwa. Sisi tulijua sigara inaharibu kifua, basi. Mimi nilisema ni viatu, kwa kuwa soli zake zilikuwa zimelala upande. Nikamnunulia vipya, vya ngozi ngumu, na nilijiona nina akili kuliko wote.

Viatu vile vilimchubua kidole cha mwisho. Kilikuwa kidonda kidogo, cha maji moto na chumvi tu, na tulimwekea maji moto na chumvi asubuhi na jioni. Hakikupona. Kidole kikawa cheusi, na unyayo ukawa baridi katikati ya joto la Oktoba. Sasa mguu ulimuuma hata amelala. Akawa anauning’iniza nje ya kitanda ili apate nafuu. Sisi tuliendelea kuukanda.

Hospitalini daktari aliweka vidole viwili upande wa juu wa unyayo, akangoja mapigo. Akavihamisha nyuma ya kifundo, akangoja tena.

“Damu haifike tena huku. Mishipa imeziba,” alisema. “Mbele ya hii kidonda kuanza, akitembea alikuwa anasimamasimama?”

Nilisema ndiyo. Akauliza tangu lini. Nilikumbuka vizuri, kwa sababu nilikuwa nikikasirika kila Jumapili kwa miaka miwili. Daktari akasema kumbe mguu ulikuwa unaomba damu muda wote ule, na kama angeletwa mapema, pengine. Hakumaliza, na nilimchukia kwa kutomaliza.

Waliukata juu ya goti. Kwetu mguu hautupwi; familia inakabidhiwa, ikauzike. Mimi na mjomba, kaka yake mama, tuliubeba ndani ya kitenge mpaka makaburini. Uzito wake ulinishangaza. Mjomba alichimba, akafukia, nami nikatafuta vijiti viwili vya kufunga msalaba. Akanizuia.

“Musalaba ni ya muntu. Hii ni muguu. Ukiiwekea musalaba, unaita mwenye muguu aifuate.”

Niliogopa. Tukasawazisha udongo, tukanawa mikono, tukarudi.

Baba alipopata nguvu ya kuongea aliuliza tumeuzika wapi. Nilimweleza, upande wa chini, karibu na ukuta. Akafikiri kidogo.

“Basi munizike palepale. Siku ya kufufuka sitaweza kutembea mbali kuitafuta.”

Nilimwahidi. Mwaka uliofuata mguu wa kulia nao ulianza kuuma, na safari hii hakukubali kupelekwa popote. Alifariki kabla ya Pasaka.

Asubuhi ya mazishi mimi na mama tulimtangulia mjomba makaburini kutafuta palipozikwa mguu. Mvua ilikuwa imelainisha kila kitu, majani yamefika magotini, na makaburi mapya yamejaa mpaka ukutani. Mjomba alipofika alisema ni hapa, kisha akasema hapana, ni pale. Wachimbaji walisimama na majembe yao wakitungoja. Mama alikuwa ananitazama mimi. Nikapiga hatua chache, nikaonyesha udongo ambao haukuwa tofauti na udongo mwingine wowote, nikasema, “Ni hapa.”

Mama alinishukuru.