Karata kwa Mikono Miwili

Juzi nilipumzika barazani kwa mwenye duka mmoja wa Nyabiyonza, mzee wa asili ya Pwani. Alikuwa akicheza karata na kijana mkulima wa Kibingo. Kijana ameweka dau la kikapu cha kahawa ya kutafuna, mzee ameweka shuka mpya.

Kila mara mzee alipompa karata, kijana alizilaza zake zote chini, wazi kabisa, akapokea kwa mikono miwili.

"Mwanangu, tunaziona."

"Sasa mzee wangu, nipokee kitu chako kwa mkono mmoja?"

Nikajua kikapu kimekwenda. Lakini tangu hapo mzee alifumba macho kila alipompa karata, akayafumbua kijana alipokwisha kuziokota zake. Mimi nimeacha kanzu mbili kwenye mikeka ya karata kule Bukoba, karibu na boma la Wadachi, wala sijaona mchezaji akifumba macho isipokuwa kwa usingizi.

Mzee akashindwa. Akaikunja shuka taratibu, akamnyooshea.

"Safari ijayo," akanung'unika, "hiyo adabu iache nyumbani."

"Ndiyo, mzee wangu," akajibu kijana, akaipokea kwa mikono miwili.